Nairobi, New Zealand na Mechi Zisizochezwa

Uwanja wa raga wa RFUEA, ulioko Ngong Road upande wa Jamhuri, ulifunguliwa mwaka 1955. Mwaka huohuo timu ya British Lions ilipita hapo ikaicharaza timu ya Afrika Mashariki. Lions hawakuwa wamefunga safari kuja Nairobi. Walikuwa wakirejea kwao baada ya ziara ndefu Afrika Kusini, na Nairobi ilikuwa kituo cha njiani tu. Hakuna aliyeuliza wametoka kucheza na nani. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, raga ilikuwa ya Wazungu wa klabu za Harlequins, Nondescripts na Impala, na mitaa ya Nairobi yenyewe ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu magharibi na milimani, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika huko Eastlands. Mtu wa Pretoria angefika hapa asione la kumshangaza.

Naanza na uwanja huo kwa sababu raga, mchezo ambao Mkenya wa kawaida wa miaka ya sabini hakuwahi kuuona ukichezwa, ndiyo iliyowanyima wakimbiaji wetu Olimpiki ya 1976. Nchi iliyosababisha hayo ilikuwa New Zealand. Na miaka 27 baadaye New Zealand hiyohiyo ikagoma kuja Nairobi. Hadithi hizi mbili husimuliwa mbalimbali, moja na watu wa riadha, nyingine na watu wa kriketi. Mimi huziona ni hadithi moja.

Wakenya hawakuwa na ugomvi na New Zealand. Kinyume chake, mwanzoni mwa 1974 walikwenda huko, mjini Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, wakarudi wamejaza mifuko. John Kipkurgat alichukua dhahabu ya mita 800 na Mike Boit akamfuata kwa fedha. Ben Jipcho alishinda mita 5,000 na mbio za kuruka viunzi na maji mita 3,000. Sabina Chebichii aliondoka na shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya mwanamke wa Kenya katika michezo hiyo. Bondia Stephen Muchoki alishinda dhahabu kwenye uzani mwepesi kuliko yote. Na katika mita 1,500 Mtanzania Filbert Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bunduki, akamaliza kwa rekodi ya dunia ya 3:32.16. Nyuma yake alikuwa kijana wa wenyeji, John Walker, na Jipcho akawa wa tatu.

Sherehe hiyo isingekuwepo kama Waziri Mkuu wa New Zealand, Norman Kirk, asingeizuia timu ya raga ya Afrika Kusini kuzuru nchi yake mwaka 1973. Kirk alijua kwamba Springboks wakitua, Waafrika hawatatia mguu Christchurch. Aliwaudhi wapenzi wa raga wa kwao, ambao ni karibu taifa zima, ili michezo ifanyike. Kirk akafariki Agosti 1974. Mwishoni mwa 1975 Robert Muldoon akashinda uchaguzi, na miongoni mwa ahadi zake ni kwamba serikali haitaingilia tena safari za raga. Kwa hiyo katikati ya 1976 timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ikaelekea Afrika Kusini. Ikafika huko wakati watoto wa shule wa Soweto, waliopigwa risasi kuanzia tarehe 16 Juni, walikuwa bado wanazikwa.

Wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, walikutana Port Louis, Mauritius, mwanzoni mwa Julai. Azimio lao lilitaka New Zealand iondolewe Olimpiki ya Montreal, la sivyo wanachama wafikirie kujitoa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, chini ya Lord Killanin, ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Kisheria jibu hilo lilikuwa sahihi. Kisiasa lilikuwa sawa na kumwambia jirani yako kwamba moshi unaomwingilia si wako kwa kuwa jiko lako liko upande ule mwingine wa ukuta.

Kwa Nairobi, Julai hiyo ilikuwa na jambo jingine zito. Usiku wa kuamkia tarehe 4, makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuwakomboa mateka, na wakati wa kurudi ndege zao zikatua Embakasi kujaza mafuta. Mkutano wa Port Louis ulikuwa ungali unaendelea. Idi Amin wa Uganda, aliyekuwa anamaliza zamu yake ya uenyekiti wa OAU, akaigeuzia Kenya hasira zote, na Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda wakauawa. Mbele ya Afrika nzima, Kenya ilionekana imemsaidia Israeli dhidi ya ndugu. Sidhani kwamba hili ndilo lililoamua suala la Montreal, kwa maana msimamo wa Kenya dhidi ya Afrika Kusini ulikuwa wa siku nyingi. Ila serikali inayotuhumiwa kuvunja umoja wa Afrika wiki mbili zilizopita haiwezi kubaki kiwanjani peke yake wakati wenzake wanafunga mabegi.

Tanzania ilitangulia kujitoa. Kenya ilikawia. Kikosi kilikuwa tayari kimefika Montreal, kimepewa vyumba katika kijiji cha wanariadha na kinafanya mazoezi. Tamko lilitolewa saa chache tu kabla ya ufunguzi wa tarehe 17 Julai, kwa jina la waziri James Osogo, na sentensi yake moja bado inanukuliwa duniani: kwamba serikali na wananchi wa Kenya wanaamini misimamo ina thamani kuliko medali. Malkia Elizabeth akafungua michezo, na zaidi ya nchi ishirini, nyingi zikiwa za Afrika, hazikuwepo au zilikuwa njiani kuondoka. Senegal na Côte d'Ivoire zilibaki.

Sentensi ya Osogo ni nzuri. Tatizo lake ni kwamba aliyeitamka hakuwa na medali ya kupoteza.

Tazama mpangilio wa siku. Jumamosi tarehe 24 Julai, All Blacks walicheza mechi yao kubwa ya kwanza ya ziara hiyo mjini Durban na kufungwa 16–7. Kesho yake, Jumapili, fainali ya mita 800 ikakimbiwa Montreal. Mcuba Alberto Juantorena akashinda kwa rekodi ya dunia, 1:43.50. Boit, aliyekuwa na shaba ya umbali huo tangu Munich 1972, hakuwemo. Agosti, wiki chache tu baadaye, Boit alikimbia Berlin na kumaliza kwa 1:43.57. Sehemu saba za mia za sekunde! Ni kama upana wa kifua. Hakuna ajuaye nani angetangulia, na hasa hilo ndilo lililomfuata Boit maisha yake yote. Mwaka uliofuata walikutana Düsseldorf katika Kombe la Dunia la riadha, Juantorena akashinda na Boit akawa wa pili, mbio zikiwa za bega kwa bega hadi utepe. Katika mita 1,500 za Montreal aliyeshinda alikuwa John Walker. Dhahabu ikaenda New Zealand.

Katika mbio za kuruka viunzi na maji hasara inaonekana kwa njia nyingine. Kenya ilishinda dhahabu hiyo 1968 na Amos Biwott, ikashinda 1972 na Kipchoge Keino, na kuanzia 1984 ilishinda kila Olimpiki hadi Rio 2016. Katika orodha hiyo ndefu kuna nafasi mbili tu zenye majina ya kigeni, Msweden Anders Gärderud na Mpolandi Bronisław Malinowski, na zote mbili ni za miaka ambayo Kenya ilisusa. Mtu ambaye jina lake lingeweza kuandikwa hapo ni Henry Rono. Alichaguliwa kwenda Montreal akiwa na miaka 24. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, 5,000, 10,000, na mita 3,000 za viunzi na maji. Hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Alifariki Nairobi Februari 2024, na karibu kila tanzia iliyoandikwa juu yake ililazimika kueleza kwa nini mtu wa aina hiyo hana medali.

Muchoki naye alikosa Montreal. Mwaka 1978 akawa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa, Belgrade. Nawataja watu hawa mmojammoja kwa sababu enzi hizo mwanamichezo hakuruhusiwa kulipwa. Wengi walikuwa askari wa jeshi, polisi na magereza, wengine wanafunzi waliopata ufadhili Marekani. Olimpiki ndiyo iliyokuwa mlango pekee wa kujulikana, kupandishwa cheo, kupata kazi ya ukocha baadaye. Ofisa wa serikali wa Harambee Avenue aliyechapa barua ya kujitoa alipokea mshahara wake mwisho wa mwezi kama kawaida.

Pamoja na hayo, bado naona Kenya ilifanya sawa mwaka 1976. Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana Gleneagles, Scotland, kuvunja uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini, na Muldoon mwenyewe akatia saini, ingawa baadaye aliukwepa mkataba huo alipowaruhusu Springboks waingie New Zealand mwaka 1981. Kwa hiyo viti vitupu vya Montreal vilinunua kitu. Bei ilikuwa kubwa na ililipwa na wachache, lakini bidhaa ilikuwepo.

Siwezi kusema hivyo juu ya 1980.

Desemba 1979 Wasovieti waliingia Afghanistan, na Rais Jimmy Carter akaitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow. Afrika alimtuma Muhammad Ali. Bondia huyo alianzia Dar es Salaam mwanzoni mwa Februari 1980 na mambo yakamharibikia papo hapo. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari wakamuuliza Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, Waafrika walipoomba kuungwa mkono kuhusu Afrika Kusini. Ali akakiri hadharani kwamba hakuyajua hayo, na kwamba pengine alikuwa anatumiwa. Alipofika Nairobi mapokezi yalikuwa tofauti kabisa. Rais Moi alimkaribisha, wakapigwa picha, na kazi ya kushawishi haikuwepo kwani Kenya ilikuwa imeshakubali kususa. Mwezi huohuo Moi akapokewa Washington na Carter. Kabla mwaka haujaisha, manowari za Marekani zilikuwa na ruhusa rasmi ya kutumia bandari ya Mombasa.

Sitaki kudai kwamba wakimbiaji walibadilishwa kwa misaada kama magunia ya mahindi. Serikali changa, iliyotawala mwaka mmoja na miezi kadhaa tu baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, ilihitaji rafiki mkubwa, na Wasovieti hawakuwa rafiki. Lakini mwaka 1976 Mkenya aliyekosa medali angeweza kuambiwa kwamba ni kwa ajili ya mtoto wa Soweto. Mwaka 1980 angeambiwa nini?

Watanzania walikwenda Moscow. Suleiman Nyambui alishika nafasi ya pili mita 5,000, nyuma ya Mwethiopia Miruts Yifter. Filbert Bayi, baada ya kukosa Montreal, aligeukia mbio za viunzi na maji, akaongoza sehemu kubwa ya fainali kisha akapitwa mwishoni na Malinowski. Fedha mbili, na hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Uganda, iliyokuwa imetoka tu kumng'oa Amin, ilipata fedha ya ndondi kupitia John Mugabi. Jirani maskini wa kulia na wa kushoto walirudi na kitu. Sisi tulikaa.

Mwaka 1986 Kenya ilisusa tena, Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, pamoja na nchi nyingine zaidi ya thelathini zilizochoshwa na Margaret Thatcher kukataa vikwazo dhidi ya Pretoria. Mwaka uliofuata Nairobi yenyewe ikawa mwenyeji wa Michezo ya Afrika Nzima katika uwanja mpya wa Kasarani.

Sasa tuje kwenye hadithi ya pili, ile ya kriketi, tuvuke mji hadi Forest Road, ambayo leo ni barabara ya Profesa Wangari Maathai. Matatu za Pangani na Thika Road hupita hapo zikipiga honi, na nyuma ya ukuta, kati ya Ngara na Parklands, kuna Nairobi Gymkhana, klabu yenye uwanja wa kriketi. Ni pale Shahid Afridi wa Pakistan alipofikisha mikimbio mia kwa mipira 37 mwaka 1996. Na ni pale, tarehe 15 Oktoba 2000, New Zealand ilipoifunga India katika fainali ya kombe la Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, Chris Cairns akibaki na mikimbio 102 bila kutolewa. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza la kriketi katika historia ya nchi hiyo. Walilibeba kutoka Ngara.

Kombe la Dunia la 2003 liliandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Gymkhana ilipewa mechi mbili: New Zealand tarehe 21 Februari na Sri Lanka tarehe 24. Kisha, Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala ikalipuliwa na makombora yakarushwa kwa ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa Mombasa. Nairobi nayo haikuwa imesahau Agosti 7, 1998, na bomu lililolipua ubalozi wa Marekani kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. New Zealand ikasema timu yake haiji.

Hasira zilikuwa nyingi mjini, nazielewa. Kibaki alikuwa ameapishwa kuwa rais Uhuru Park tarehe 30 Desemba, nchi ilikuwa na furaha ya kipekee, na hapa anatokea mgeni anayesema nyumba yenu si salama. Lakini haki ni haki. Mei 2002 wachezaji haohao wa New Zealand walikuwa Karachi, wakijiandaa kwenda uwanjani, bomu lilipolipuka karibu na hoteli yao na kuua watu zaidi ya kumi. Aliyewahi kutikiswa na mlipuko saa ya kifungua kinywa haulizwi kwa nini ni mwoga. ICC ilikagua Nairobi, ikasema pako salama, ikakataa kuhamisha mechi. New Zealand haikutokea, na Kenya ikapewa pointi 4 za bure. Katika mashindano hayohayo Uingereza nayo ilikataa kwenda Harare kwa sababu ya siasa za Rais Mugabe, ikapoteza pointi zake.

Tarehe 24 Sri Lanka walikuja. Familia za Parklands zilijaa na chupa za chai na sambusa, na safari hii walikuwepo pia watu wengi waliokuwa hawajawahi kuitazama kriketi tangu mwanzo hadi mwisho. Kenya ilipata mikimbio 210, Kennedy Otieno akichangia 60. Haikuonekana kutosha dhidi ya Jayasuriya na wenzake. Ndipo mdogo wake Kennedy, Collins Obuya, akaanza kurusha mipira yake ya kuzungusha, ile inayotua chini polepole kisha inakata upande ambao mpigaji hakuutarajia. De Silva akatoka, Jayawardene akatoka, Sangakkara akatoka. Wiketi tano kwa mikimbio 24. Sri Lanka wote nje kwa 157, na wachezaji wa Kenya wakaanza kuzunguka uwanja wakipungia watu mikono, nahodha Steve Tikolo akiwa nao.

Kenya ilimaliza kundi na pointi 16. West Indies na Afrika Kusini walikuwa na 14 kila mmoja, wakaenda nyumbani. Piga hesabu mwenyewe: New Zealand wangekuja Forest Road na kushinda, Kenya ingebaki na 12, na hadithi ingeishia hapo. Badala yake Kenya ikaingia hatua ya Super Six ikiwa imebeba pointi 10, New Zealand wakiwa na 4 tu, ikaifunga Zimbabwe, na ikafika nusu fainali. New Zealand hawakufika. Nchi isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test haikuwahi kufika hapo kabla, na haijafika tena.

Nusu fainali hiyo, dhidi ya India, ilichezwa tarehe 20 Machi 2003 Durban, mji uleule ambako All Blacks walifungwa Julai 1976. Tikolo alipata 56, Sourav Ganguly akapata 111, na Kenya ikashindwa kwa mikimbio 91. Waliorudi nyumbani wakashangiliwa, kisha zikaja miaka ya migogoro ya uongozi, wachezaji kugoma kwa sababu ya malipo, na uwanja wa Gymkhana kukosa wageni wakubwa.

Kenya na New Zealand hatimaye walikutana katika Kombe la Dunia mwaka 2007, kisha tena tarehe 20 Februari 2011, mjini Chennai, India. Siku hiyo ya Chennai Tikolo na Collins Obuya walikuwemo kikosini. Kenya ilitolewa yote kwa mikimbio 69, na New Zealand wakazifikia kwa ova nane bila kupoteza wiketi hata moja.